Sawa, Lakini Sawa Gani?

Nimekuwa kimya kwa muda. Mnaongoja sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, vumilieni kidogo. Leo hakuna hata mstari mmoja wa programu, ila jambo hili limenisumbua kuliko programu nyingi.

Watu hudhani kikundi kidogo hakina shida ya mawasiliano. Mko watano, chumba ni kimoja, ukitaka kusema kitu unageuza kiti tu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 pale IBM, alionyesha katika kitabu chake cha 1975, The Mythical Man-Month, kwamba njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa moja, kisha gawa kwa mbili. Watu 3, njia 3. Watu 5, njia 10. Watu 10, njia 45. Hesabu nzuri, lakini haisemi ni nini kinachopita kwenye hizo njia. Kwetu sisi, mara nyingi kinachopita ni neno moja: sawa.

Hebu liangalie. "Sawa" yaweza kuwa nimekusikia. Yaweza kuwa nakubali. Yaweza kuwa nitafanya mimi. Na ikikaribia saa saba mchana, yaweza kuwa yaishe, nina njaa. Seva zimetushinda hapa. Katika HTTP, jibu la 200 lina maana kwamba ombi limefaulu, na 202 kwamba ombi limepokelewa lakini kazi bado haijakamilika. Binadamu ana sawa moja kwa yote mawili.

Tulikuwa watano tukitengeneza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Wanachama walikuwa wakilipa kwa M-Pesa. Malipo yalikuja na namba za simu zinazoanza na 254, na daftari la wanachama lilikuwa na namba zinazoanza na 07. Kwenye mkutano kiongozi wetu akasema, "Namba zibadilishwe kabla ya kuhifadhiwa." Aliyekuwa akiandika sehemu ya malipo akajibu sawa. Aliyekuwa akiandika daftari la wanachama akajibu sawa. Kila mmoja alielewa kwamba mwenzake ndiye atakayebadilisha. Tazama ile sentensi tena: zibadilishwe. Na nani? Hamna mtu ndani yake.

Malipo ya Jumamosi na Jumapili hayakupata wenyewe. Mama mweka hazina alikaa siku mbili na daftari la karatasi, akilinganisha namba moja baada ya nyingine. Mzee mmoja aliyekuja kuomba mkopo wa karo aliambiwa hajachangia, na alikuwa amechanga. Hakuna aliyekuwa mvivu, wala hakuna aliyedanganya. Mkutano wenyewe ulikuwa umekwenda vizuri, tena kwa kicheko.

Marubani walilipia somo hili kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Waongozaji wa ndege walimjibu rubani wa KLM kwa "OK", wakaongeza kwamba asubiri. Redio zikaingiliana, na maneno ya kusubiri hayakusikika vizuri. Chumbani mle mlikuwa na watu watatu tu. Fundi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka njiani, nahodha akamhakikishia kwamba imeondoka, na fundi hakuuliza tena. Baada ya hapo usafiri wa anga ulikaza kanuni: agizo hurudiwa na aliyelipokea, na neno la kuruka halitumiwi ila ruhusa inapotolewa au kufutwa.

Nasi tukaiga. Anayepewa kazi huisema upya kwa maneno yake, akitaja siku. Na aliye mdogo kabisa kikundini huzungumza kwanza, kwa sababu mkubwa akishatoa rai, wadogo husema nini? Sawa.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kwetu, kumrudishia mkubwa maneno yake huonekana kama humwamini, au humjui adabu. Kijana wetu mmoja, aliyetoka chuo majuzi, ilimchukua wiki kadhaa. Kilichomsaidia ni kiongozi kuomba mwenyewe: "Niambie ulivyonielewa, huenda mimi ndiye sikueleza vizuri." Hapo mzigo ukahama, na kijana akapata njia ya kuuliza bila kumkosea mtu heshima. Siku moja alirudia agizo lote sawasawa, halafu akaongeza kwamba kwa maoni yake halitafanya kazi. Lisingefanya kazi kweli.

Siku hizi mengi tunayaamua kwenye kikundi cha WhatsApp, na sawa imezaa mtoto: kile kidole gumba. Wiki jana niliuliza kama toleo jipya lipandishwe kwenye seva Ijumaa jioni, na nani atabaki kuliangalia usiku. Nikapata vidole gumba vitatu. Nimeliacha mpaka Jumatatu.