Imbwa ya Zamu



Sisi wa interna tulikuwa na dhambi moja ambayo hatukuihesabu kuwa dhambi. Kila jioni, tukienda kuchota maji, tulimtupia mawe mbwa wa zamu wetu. Tulisema ana kichaa. Yeye alikuwa anajikunja tu chini ya ukuta, na kesho yake anatusindikiza tena.

Muhula uliopita akaja mwenzetu mmoja kutoka upande wa Beni, kule ambako watu wanakimbia mauaji tangu mwezi wa 10, 2014. Siku ya kwanza alikata bugali yake, nusu akampa yule mbwa. Tukacheka sana: "Weye, unakula na imbwa?" Hakujibu. Usiku, taa zimezimwa, ndipo alisema.

Usiku ule wa kukimbia, baba yake alimwambia: "Funga imbwa. Atalia, watatusikia." Akamfunga yeye mwenyewe kwa kamba ya mbuzi. Wakajificha katika shamba la kakao. Mara mbwa akatokea, kipande cha kamba shingoni. Wote wakashika pumzi. Mbwa hakulia hata kidogo. Alilala juu ya miguu ya mtoto mdogo mpaka asubuhi. Halafu kamyo ya kwenda Butembo ikasimama. Dereva akasema: "Ni ya watu tu!" Mbwa alikimbia nyuma mpaka vumbi likamficha. Toka Beni mpaka hapa ni kilometa 54. Mwenzetu aliangalia nyuma njia yote.

Hakuna aliyecheka tena.

Jumapili tulisoma Luka 16:21. Pale mlangoni pa tajiri, waliomkaribia Lazaro ni mbwa. Tukajiuliza: na siye, tuko upande gani?

Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli na unaua, lakini jiwe si dawa yake. Mbwa achanjwe. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali kupata chanjo, bila kungoja. Basi tulichanga franka zetu kidogo kidogo, na zamu akampeleka mbwa kwa munganga wa nyama.

Sasa jioni mbwa anatutangulia kwenye maji, kando ya mwenzetu. Mwenzetu anamwita kwa jina la yule aliyebaki Beni. Mzee zamu alisikia, hakukataa.

Ni sisi wenzenu wa interna.