Kuimba Zamu ya Usiku

Baba yangu aliokoka kabla sijazaliwa, na hilo liliamua mengi nyumbani kwetu Runyenjes: tulichoimba, tuliowakaribisha, hata namna tulivyozika wafu wetu. Alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937, ukashika mizizi katika makanisa ya Kianglikana ya Embu yaliyotokana na misheni ya Kigari. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikataa kiapo cha Mau Mau, kisha akakataa bunduki ya homgadi wa serikali ya kikoloni. Alipigwa na hawa, akapigwa na wale. Mama alikuwa akisimulia kwamba Jumapili iliyofuata Baba ndiye aliyeanzisha wimbo, mdomo ukiwa bado umevimba. Majirani walisema ana moyo mwepesi. Mimi nasema alikuwa na kazi mbili, shamba na furaha, na zote aliziamkia alfajiri.

Mwaka 1978 nilivuka mto Thuci kwenda Chogoria kusomea uuguzi. Hospitali ile iliasisiwa na Dkt. Clive Irvine, mmisionari wa Kanisa la Scotland aliyefika huko mwaka 1922. Wenzangu Wameru walikicheka Kiembu changu, nami nikakicheka Kimeru chao, ingawa lugha zenyewe ni ndugu. Asubuhi tulianza kwa sala na tenzi kabla ya kupokezana zamu. Lakini nilichojifunza zaidi nilikipata usiku. Mgonjwa wa saa tisa za usiku hataki mahubiri. Anataka maji, anataka kugeuzwa ubavu, anataka mtu asiye na haraka. Ukivuma wimbo taratibu huku unasafisha kidonda cha moto, mkono wako unatulia, naye anapata kitu cha kusikiliza kisicho maumivu.

Baada ya kufuzu niliajiriwa kwingine upande wa Meru, nikaolewa na mkulima wa kahawa. Kahawa ndiyo iliyokuwa karo, bati na ng'ombe wa maziwa. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na malipo ya mwaka yakawa hadithi ya kungojwa kiwandani. Wengine waliacha mashina yakageuka kichaka, wengine wakapanda miraa. Mume wangu aliendelea kupogoa, kwa ukaidi niliodhani ni imani, na huenda ilikuwa yote mawili.

Kisha koo lake likaanza kukataa chakula. Saratani ya umio si ngeni kwetu. Kila muuguzi wa Meru amemwona mgonjwa anayeanza kwa kushindwa na githeri, akaja kushindwa na uji, mwisho maji. Tiba ya mionzi tuliifuata Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, pamoja na foleni yake. Alifariki mwaka 1996 akiniachia watoto na deni.

Hapo walikuja watu wa dini wa aina mbili, niwaeleze wote. Wa kwanza alikuwa mhubiri aliyeniambia kwamba ningepanda mbegu, yaani sadaka ya pesa, mume wangu angepona. Nilimpa chai nikamfungulia mlango. Hadi leo sina subira na injili ya namna hiyo; inamtoza mgonjwa mara ya pili. Wa pili walikuwa ndugu wa ushirika wa Jumatano, akina mama wengi wao, waliokuja na kuni, maziwa na mukimo. Hawakuniambia nisilie. Walikaa, wakaimba Tukutendereza, wimbo ule wa Kiganda unaojulikana na kila aliyeokoka toka Kampala hadi Embu, na mimi sikuweza kutoa sauti. Waliimba sehemu yangu. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani wakiwa wawili, na sidhani idadi hiyo ni bahati tu. Furaha ya mtu aliyefiwa hukaa kwanza vinywani mwa wenzake, wanaoitunza mpaka aweze kuichukua mwenyewe.

Nilirudi kazini kukiwa na Ukimwi. Wodi zilijaa hadi wagonjwa wawili kitanda kimoja, na familia nyingine ziliogopa hata kugusa shuka. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Sisi tulikuwa tumeshazika vijana kwa miaka. Usiku walikuwa wakiniomba: "Sista, tuimbie." Niliimba, na wengine walikufa wimbo ukiendelea. Sitaupamba usiku huo. Lakini nakumbuka pia dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure, katikati ya miaka ya 2000. Mama mmoja aliyeletwa amebebwa kwa blanketi alirudi kliniki akitembea, kajitanda leso mpya, akatukemea kwa kuchelewa kufungua dirisha la dawa. Tulicheka mpaka daktari akatoka kuuliza kulikoni.

Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na mzigo ukaangukia hospitali za misheni. Niliwaunga mkono, kwa sababu kuwa na furaha ya Bwana hakumwondolei mwajiri wajibu wa kulipa mshahara. Wakubwa wengi wa kanisa hupenda kusahau hilo.

Nilistaafu mwaka uliofuata, nikarudi Runyenjes. Ushirika bado hukutana Jumatano, ingawa vijana ni wachache. Wewe unayesoma, ukiwa na jirani aliyefiwa au aliyelazwa, usimtumie aya kwenye simu ukadhani umemaliza. Nenda, beba maziwa, na kama hawezi kuimba, imba wewe.