Kompyuta Iligoma Kunifungulia

Nilipotea kidogo. Msidhani nimewatupa, nilifungiwa nje na kompyuta yangu mwenyewe.

Hapa chumbani Musoma nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotumia Linux. Haina skrini wala kibodi. Inatunza sauti za mahojiano yangu, nami huiingia kwa mtandao kutoka kwenye laptopu. Nilikaa Butiama wiki tatu tukimuuguza bibi. Niliporudi baada ya mazishi, nenosiri lilikuwa limenitoka kichwani. Na sauti ya bibi akisimulia enzi za Mwalimu imo humo, nakala moja tu. Mwandishi mzima! Nichekeni.

Nilijaribu jina la bibi, la mbwa, la timu. Wapi! Zamani mashine hizi zilikuja na mtumiaji "pi" na nenosiri "raspberry", lakini Aprili 2022 utaratibu huo uliondolewa.

Rafiki yangu fundi wa Bunda akaniambia, "Kaka, njoo nayo, usihangaike." Nikapanda Hiace. Alichomoa kadi ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye kompyuta yake, nayo ya Linux, akafungua faili la /etc/shadow. Humo nenosiri lenyewe halimo. Mna mlolongo wa herufi uliotokana nalo. Akatengeneza mlolongo wa nenosiri jipya kwa amri ya openssl passwd -6, akaubandika mahali pa ule wa zamani. Hakupaacha patupu, maana SSH kwa kawaida haipokei nenosiri tupu. Akarudisha kadi, akawasha. Dakika kumi.

Nikamsikia bibi akicheka. Nililia mbele ya fundi, sioni haya kusema.

Njiani kurudi, furaha ikageuka hofu. Kama fundi kafungua bila nenosiri, mwizi je? Humo mna mvuvi aliyenitajia wenye makokoro, nami nilimwahidi jina lake halitajulikana. Kumbe nenosiri lililinda mlango wa mtandao tu, kadi ilikuwa wazi!

Dawa ni kusimba diski kwa LUKS. Ila ukisahau nenosiri la huko, hakuna fundi wa kukuokoa.

Basi nimegawa: ya mvuvi nimeyasimba, bora yapotee kuliko yamponze. Sauti ya bibi nimewapa binamu zangu wote Butiama. Yeye hakuwa na siri.

Nyie wenzangu mnatunzaje vyenu? Haya, tuonane juma lijalo.