Juni au Septemba

Ujiji, Jumapili, 12 Januari 2025

Binti wa marehemu dada kapiga simu tena. "Mama mdogo, njoo Juni. Juni huku hakuna usiku." Yuko Reykjavik anasomea uzamivu, mambo ya samaki. Alifika huko kwanza kwa yale mafunzo ya uvuvi ya miezi sita ambayo Iceland inayatoa tangu 1998, zamani chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, siku hizi chini ya UNESCO. Akapendwa, akabakishwa aendelee na shule.

Kiinua mgongo kilichobaki baada ya kuezeka nyumba kinatosha mtu mmoja, kwa kubana. Mzee wangu hapa nyumbani anasema hela ni yangu nifanye nitakavyo, kisha akauliza kama wana dagaa. Mtu kauza dagaa mwalo wa Kibirizi maisha yake yote, unategemea aulize nini?

Mimi nataka kuona ufa. Miaka yote nimesimama ubaoni nikichora Bonde la Ufa, mishale miwili ikivutana, mmoja kushoto, mmoja kulia, na watoto wa Ujiji wanatazama ubao ilhali kitu chenyewe kiko nyuma ya madirisha. Lakini wetu umejaa maji. Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, na uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko chini ya bahari kwa mamia ya mita. Nani atakwenda kuiona? Kule Thingvellir, Iceland, ufa uko nchi kavu. Una njia ya miguu, unapita katikati na viatu vyako. Ubavu mmoja bamba la Amerika Kaskazini, upande wa pili la Ulaya na Asia, na kila mwaka yanaachana sentimita mbili hivi.

Alhamisi, 30 Januari

Nimetandaza ramani ya kisiwa mezani. Alinichapishia binti, ikaja na mgeni. Kilomita za mraba 103,000 na watu hawafiki laki nne. Mkoa wetu peke yake una zaidi ya milioni mbili na laki nne. Barabara kuu inazunguka kisiwa chote, kilomita 1,322. Hiyo ni kutoka hapa kwenda Dar kwa treni na chenji inabaki. Binti anataka tuizunguke yote kwa siku saba, gari la kukodi. Orodha yake inachosha kuisoma tu: maporomoko ya Gullfoss, maporomoko ya Skógafoss, chemchemi ya Strokkur inayorusha maji ya moto kila baada ya dakika chache, barafu ya Vatnajökull, ufukwe wa mchanga mweusi, kuoga Blue Lagoon.

Maporomoko nimeyapiga mstari. Gullfoss ni mita 32. Skógafoss ni kama 60. Kalambo yetu, kusini mwa ziwa hili hili kwenye mpaka wa Zambia, inaanguka zaidi ya mita 200 mfululizo, na sijawahi kufika. Kwenda Ulaya kutazama maji yanayoanguka kabla ya kuiona Kalambo ni kujiaibisha. (Mzee: "Basi nenda Kalambo." Sikumjibu.)

Blue Lagoon nayo nimeitilia alama ya kuuliza. Yale maji ya buluu wanayopigia picha ni yaliyotoka kwenye mtambo wa umeme wa mvuke, Svartsengi. Na jirani yake ni Grindavik, mji wa wavuvi uliohamishwa watu wote usiku wa 10 Novemba 2023. Desemba ardhi ikapasuka, na tangu hapo volkano inalipuka na kutulia, inalipuka na kutulia. Mji wa wavuvi umehamwa halafu mimi nioge pembeni? Labda.

Jumamosi, 15 Februari

Ofisi ya uhamiaji leo, kuomba pasipoti. Fomu, picha, kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, laki moja na nusu. Hilo halikunitoa jasho. Jasho ni viza. Iceland iko kwenye Schengen tangu 2001, na Dar hawana ubalozi. Afrika Mashariki wamefungua Kampala tu, kwa sababu ya kazi zao za maendeleo na vijiji vya wavuvi vya Buikwe, pwani ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo maombi yetu yanapokelewa na wengine kwa niaba yao, na lazima ufike mwenyewe kutoa alama za vidole. Euro 90, harudishiwi mtu. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Barua ya mwaliko. Taarifa ya benki.

Kijana aliyenichapishia taarifa ya benki kaitazama, kanitazama, kasema, "Shikamoo mama. Hii ni ya safari ya Ulaya?" Nimemwitikia marahaba nikaikunja.

Tiketi za Juni nimeuliza kwa wakala. Dar hadi Amsterdam, Amsterdam hadi Keflavik. Bei ya Juni na ya Septemba zinapishana kwa kiasi cha kununua bati tena.

Jumatano, 12 Machi (Ramadhani)

Futari imeisha, wamekwenda tarawehe, nimebaki na daftari.

Leo nimelikabili suala la Juni kama mwalimu. Tarehe 21 Juni, Reykjavik, jua linazama saa sita usiku na dakika kidogo, linachomoza kabla ya saa tisa. Katikati hakuna giza, ni mwanga wa alfajiri unaokesha. Magharibi ninayoswali hapa saa moja hivi nitaiswali usiku wa manane, na isha haina alama ya kuingia. Nilimuuliza sheikh wetu baada ya alasiri. Hakushtuka. Msafiri, anasema, ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha, na wanaokaa huko wanakadiria, wengine kwa saa za mji wa karibu wenye usiku, wengine kwa saa za Makka. Binti anathibitisha: miaka ile Ramadhani ilipoangukia Juni, waliofuata jua la pale walifunga kama saa 22.

Ruhusa ipo. Lakini mimi mwenyewe sitaki. Saa yangu yote imejengwa juu ya jua: saa moja limetoka, saa moja jioni linakaribia kuzama, na hapa nyuzi tano kusini mwa ikweta halijawahi kunidanganya kwa zaidi ya robo saa hivi. Wiki mbili bila usiku nitaumwa kichwa.

Halafu nikaona kitu ambacho nilikifundisha kila mwaka bila kukitia maanani. Karibu na 22 Septemba jua liko utosini ikweta, usiku na mchana vinakaribiana kulingana dunia nzima. Reykjavik na Ujiji sawasawa. Septemba pia kuna giza la kutosha kuona zile taa za kaskazini, mapazia ya kijani angani ambayo Juni hayaonekani hata yakiwepo. Wafugaji wanashusha kondoo kutoka milimani. Na bei imeshuka.

Nimemwambia Mzee. Kafikiri, kisha: "Yaani unalipa mamilioni uende Ulaya siku ambayo iko kama Ujiji." Ndiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Binti alinuna siku mbili, sasa amekubali Septemba. Tumegombana upya kuhusu njia. Sizunguki kisiwa. Siku nne nzima Thingvellir na ziwa lake, Thingvallavatn. Kina chake mita 114, mtoto mbele ya Tanganyika, lakini ni ziwa la ufa kama letu, na kuna mpasuko unaoitwa Silfra ambako watu wanazamia katikati ya mabamba kwenye maji ya nyuzi mbili mpaka nne. Nitatazama kutoka juu. Hapo hapo ndipo bunge lao lilipoanza mwaka 930, wakikutana kwenye miamba.

Nimepiga hesabu ya umri nikafurahi peke yangu: miamba mikongwe ya Iceland ina miaka milioni 16 hivi, na ziwa letu linakadiriwa milioni 9 hadi 12. Ni wa rika moja. Mmoja alipasuka akatoa moto, mwingine akapokea mvua.

Swali la Mzee nalo limepata jibu. Wana loðna, samaki mdogo, anakwenda kwa makundi kama dagaa. Mwaka 2024 walipomtafuta hawakumwona wa kutosha, msimu ukafutwa wote. Mwaka huo huo uvuvi kwenye ziwa letu ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mzee alisikiliza hilo akaweka kikombe chini. "Na wao serikali iliwafungia?" Akataka kujua walikula nini, boti zilikwenda wapi, vibarua walilipwa na nani. Sikuwa na majibu. Kanipa kazi: niwaulize wavuvi wenyewe, si wasomi. Kwa hiyo siku mbili za barafu ya Vatnajökull nimezitoa, nimeweka bandari.

Jumatatu, 28 Aprili

Soko la Mwanga kutafuta koti. La kwanza zipu mbovu. La pili, buluu, kitambaa hakipitishi maji, kofia ndani ya kola, mfukoni mna risiti iliyofifia ya lugha nisiyoijua. Muuzaji kaanza elfu hamsini, "Mama hili ni la theluji kabisa." Jua kali, jasho linanitiririka, nimelivaa mbele ya watu nikanyoosha mikono juu. Tumemalizana elfu thelathini na mbili. Reykjavik Septemba ni nyuzi saba, nane, lakini upepo, anasema binti, unatafuta tundu la sindano.

Orodha ya Mzee imefika maswali kumi na moja. La tisa: vichwa vya samaki wanavyokausha kwenye fito na kuwauzia Wanaijeria, kila kimoja kinakaa siku ngapi? La kumi: wakikausha juu hivyo, kunguru je? Sisi vichanja tumeambiwa miaka, na bado wengi wanaanika mchangani.

Binti anataka dagaa kilo tatu. Nimemwambia aulize forodha ya huko kwa maandishi kwanza, anitumie jibu. Mzee keshaagiza, wa kichanja, si wa mchanga. Wakikataliwa, tutakula wenyewe.