Barua Isiyoomba

Barua ya kwanza niliianza hivi: "Yah: Ombi la kibali cha maandamano ya amani." Ilikuwa 1993, mimi nikiwa katibu wa kikundi cha wakulima pale Mikumi, na kilichotusukuma hakikuwa siasa. Ni tembo. Hifadhi iko hapo mlangoni kwetu tangu 1964, na tembo hajui mpaka. Usiku tulikesha tukipiga madebe. Asubuhi unakuta migomba imelazwa chini, na nyayo zao zimejaa maji utadhani umechimbwa msururu wa visima. Tulitaka tu kutembea kutoka sokoni hadi ofisi ya kata tukiwa na mabango yetu ya maboksi ya sabuni.

Barua niliipeleka Kilosa mwenyewe. Aliyesafiri njia ile miaka hiyo anajua: kiangazi unashuka mweupe kichwani kama umetoka mashineni kusaga, masika unaweza kulala njiani. Ofisi siitaji, maana wengi waliokuwamo wametangulia mbele ya haki. Afisa aliisoma, akaikunja, akaniuliza, "Kijana, umetumwa na nani?" Nikamjibu, tembo. Hakucheka. "Rudi ukalime, mdogo wangu. Kibali hakuna, sababu za kiusalama." Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu bahasha haikufunguliwa.

Simlaumu yeye peke yake. Vyama vingi vilikuwa vimerudi 1992, na Katiba, ibara ya 20, inasema mtu yuko huru kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani. Lakini Sheria ya Jeshi la Polisi, yenye mizizi ya ukoloni, ilitaka uwe na kibali kwanza. Huku unapewa haki, huku ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Akiamka vibaya, huna haki siku hiyo.

Aliyekwenda kuudai ufunguo huo ni Mchungaji Christopher Mtikila, mtu ambaye nusu ya nchi ilimwona kichaa na nusu ilimwona nabii. Mimi sikuwa mfuasi wake. Maneno yake mengine yalinichoma masikio. Lakini alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma, na tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akatamka kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume cha Katiba. Inatosha kuwapa polisi taarifa, nakala kwa mkuu wa wilaya.

Habari ilitufikia na gazeti lililoshushwa kwenye basi la Iringa, limeshafungiwa maandazi. Baadaye mpwa wangu aliyekuwa Dar es Salaam akanitumia maelezo ya hukumu, ameyaandika kwa mkono kurasa mbili. Nilizisoma kwa kibatari, nikachukua mashine ya chapa ya shule, nikaweka kaboni na kuandika upya. Safari hii: "Yah: Taarifa ya maandamano ya amani." Nilishangaa jinsi kichwa kimoja cha barua kinavyobadilisha kila kinachofuata. Hakuna "tunaomba kwa unyenyekevu". Kuna siku, saa, njia tutakayopita na majina ya wasimamizi.

Kule Kilosa karani wa masjala aliigeuza mara mbili. "Mbona hujaomba?" Nikamwambia siombi, natoa taarifa, yeye anigongee mhuri kwenye nakala yangu tu. Akagonga. Nadhani alifanya hivyo ili niondoke.

Februari 1995 tukatoka, watu 60 hivi, akina mama mbele. Hatujafika mbali, Land Rover ikasimama. Afande akashuka, mkono kiunoni. "Kibali kiko wapi?" Nikampa nakala. Vidole vyangu vilitetemeka hata karatasi ikalia. Akaisoma yote, akautazama mhuri kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. "Hii ni taarifa." Nikasema ndiyo afande, mahakama imesema inatosha. Akatazama kina mama, akatazama malori ya Zambia yaliyoanza kupanga foleni. "Basi msitembee katikati ya lami. Piteni pembeni." Akatusindikiza hadi mwisho.

Tembo walirudi wiki ileile.

Mwaka huohuo Bunge likairekebisha sheria: kibali kikafutwa, taarifa ikatakiwa itolewe saa 48 kabla. Polisi walibakiwa na mamlaka ya kuzuia wakiona amani itavunjika, na mlango huo mdogo umepitisha mengi. Juni 2016 mikutano ya siasa ilipigwa marufuku nchi nzima. Baadaye ikaelezwa mbunge afanye mikutano jimboni mwake tu. Hata Joseph Haule, Profesa Jay, aliyekuwa mbunge wetu wa Mikumi, asingeweza kuhutubia jimbo la jirani. Zuio hilo liliondolewa 3 Januari 2023. Mtikila hakuliona: alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015 karibu na Chalinze, kwenye barabara ileile tuliyotembea pembeni yake.

Vijana wanaonijia siku hizi bado husema, "Mzee, tunakwenda kuomba kibali." Ninawarudisha waandike upya. Na ninyi mnaosoma, mkipeleka barua yenu, msiondoke dirishani bila nakala iliyogongwa mhuri, na hakikisheni saa ya kupokelewa imeandikwa.