Maji ya kijani, siku ya furaha

Nyumba tuliyoazimwa Kingolwira, Morogoro, kwa harusi ya mdogo wangu ina bwawa la kuogelea lililotelekezwa. Maji kijani, sakafu haionekani. Mtoto akizama, nani atamwona?

Hatukuyamwaga, maji ni neema, na tumekatazwa israfu. Tuliopoa majani, tukasugua kuta, tukawasha pampu na chujio mchana na usiku. Tukarekebisha pH kwanza, 7.2 hadi 7.8, maana ikizidi klorini hupungua nguvu. Klorini tukatia jioni, kwani jua huimaliza.

Ilipobaki miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na sakafu ikaonekana, bibi harusi akaingia na shoga zake. Watoto tuliwawekea mtu mzima wa kuwaangalia, alhamdulillah.