Meli Zimerudi

Kila mfasiri ana maneno yake yanayomkosesha usingizi. Langu la miaka ya karibuni ni neno moja la Kiingereza lenye asili ya Kiholanzi, ambalo maana yake ya mwanzo ni kukata msalaba juu ya maji: kwenda upande huu na kurudi upande ule, pasipo haraka ya kufika. Kwa neno hilo hutajwa safari ya likizo katika meli kubwa, ambamo msafiri hula, hulala, huogelea na kucheza dansi, kisha mara nyingi hushuka katika bandari ile ile aliyopandia. Nililikuta katika makala niliyokuwa nikiifasiri, iliyohusu kurejea kwa safari hizo baada ya janga la Uviko-19. Makala yenyewe haikuwa ngumu. Iliyonikwamisha ni sentensi yake ya kwanza, ambayo kwa muhtasari ilisema kwamba meli zimerudi na watu wamefurahi.

Mimi ni mtu wa Karagwe. Kwetu bahari ni habari ya vitabuni, na mashairi ya pwani nilijifunza redioni na katika diwani za kuazima, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya migomba. Lakini ziwa tunalijua. Ukitoka Kayanga, au ukitoka mbali zaidi, Nkwenda na Murongo huko Kyerwa, unateremka hadi Kyaka, na hatimaye unafika Bukoba, ambako nchi hukoma na maji huanza. Kwetu sisi meli ikirudi hatuulizi kama watu wamefurahi. Tunauliza: imemleta nani? Na kuna mwaka mmoja ambao tuliuliza: imemwacha nani?

Kwa hiyo nikaiacha kalamu, nikaanza kuzitazama meli hizi mbili, yao na yetu, kila moja na kurudi kwake.

Yao ilisimama mwanzoni mwa mwaka 2020. Msomaji atakumbuka meli iitwayo Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama, Japani, mwezi Februari ikiwa na watu 3,711, abiria na mabaharia pamoja. Watu walifungiwa vyumbani mwao huku maradhi yakipita kutoka mmoja hadi mwingine, na kabla jambo halijaisha zaidi ya 700 walikuwa wameambukizwa. Mwezi huo huo meli nyingine, Westerdam, ilizunguka baharini ikikataliwa na nchi moja baada ya nyingine, mpaka Kambodia ikakubali kuipokea, ingawa hapakuwa na mgonjwa wa Uviko aliyejulikana ndani yake. Ulipofika katikati ya Machi, safari za namna hiyo zilikuwa zimesimama karibu duniani kote. Abiria walirudishwa makwao. Mabaharia wengi, Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, walibaki miezi mingi ndani ya meli tupu, mishahara ya baadhi yao imekatika na bandari zimewafungia milango. Ile iliyokuwa nyumba ya starehe ikawa kifungo, na waliofungwa muda mrefu zaidi ni wale waliokuwa wakitandika vitanda.

Kisha zikarudi. Tarehe 16 Agosti 2020, meli ya MSC Grandiosa iling'oa nanga Genoa, Italia, abiria wamepimwa na vyumba vingi vimeachwa vitupu, ikawa ya kwanza miongoni mwa meli kubwa kurudia safari hizo katika Bahari ya Mediterania. Wengine wakafuata polepole. Mwaka 2019 watu karibu milioni 30 walikuwa wamesafiri kwa namna hiyo duniani. Mwaka 2023 idadi ilipita hapo, ikakaribia milioni 32. Kwa hesabu ya wafanyabiashara, jeraha limepona, tena haraka.

Yetu nayo ilirudi mwezi huo huo wa Agosti 2020. MV Victoria ilianza tena safari za abiria baina ya Mwanza na Bukoba, imekarabatiwa, imepakwa rangi mpya na kupewa jina refu zaidi, New Victoria Hapa Kazi Tu. Lakini haikuwa imesimamishwa na tauni. Ilikuwa imesimama tangu mwaka 2014 kwa uzee. Wakati dunia ikisikitika kwa miezi mitano bila meli za likizo, sisi tulikuwa tumemaliza miaka sita bila meli ya kwenda hospitali, shuleni, sokoni na matangani. Tulizoea mabasi ya kuzunguka kwa Biharamulo na Geita, na foleni ya kivuko cha Busisi, na usiku wa kulala vibarazani.

Ajabu ni kwamba meli hii yetu iliwahi kuwa, kwa namna yake, meli ya mzunguko. Iliundwa Scotland, ikavunjwa vipande, ikaunganishwa upya Kisumu, na ikaanza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Enzi hizo ililizunguka ziwa zima: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, na kurudi Kisumu. Abiria wa daraja la kwanza aliyekuwa na nafasi na fedha aliweza kuzunguka nayo kwa raha, akila mezani na kutazama visiwa. Chini yake, katika daraja la tatu, mwingine alikuwa amelalia gunia la maharage akipeleka mtoto kwa mganga. Chombo ni kimoja na maji ni yale yale, ila wa juu alikuwa likizoni na wa chini alikuwa njiani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mzunguko ule nao ukakatika. Meli ikabaki upande wetu.

Siwezi kuandika habari za ziwa hili nikairuka tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ile MV Bukoba, iliyopita Kemondo ikielekea Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika. Ilikuwa na nafasi ya watu 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na wengi hawakuonekana. Katika Karagwe ile ya zamani, kabla Kyerwa haijawa wilaya yake mwaka 2012, ilikuwa vigumu kupita vijiji vitatu usikute tanga. Lakini jambo lililobaki likinichoma katika habari ile ni dogo, la karatasi tu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Walipanda bila kuandikwa, na walipozama hapakuwa na mahali pa kuwasoma.

Nyinyi wa visiwani hamhitaji kufunzwa haya nami. Mlikuwa na Spice Islander mwezi Septemba 2011, na kabla machozi hayajakauka, Skagit mwezi Julai 2012. Mnajua jinsi mzazi anavyosimama gatini akiuliza jina la mwanawe mbele ya mtu mwenye karatasi isiyo na jina hilo. Kwa hiyo naamini mtanielewa nikisema kwamba starehe ya kwanza ya meli za likizo si chakula wala dansi. Ni kwamba kila aliyemo amehesabiwa. Hata pale Yokohama, katikati ya hofu, dunia nzima iliambiwa idadi yao kwa mtu mmoja mmoja: 3,711.

Wakati wa janga lenyewe, kwetu kilichofungwa hakikuwa ziwa bali mto. Kyerwa imepakana na Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine, na mpaka ni Kagera. Machi 2020 nchi hizo mbili zilifunga mipaka kwa wasafiri, malori ya mizigo tu yakiruhusiwa. Pale Murongo unaweza kuiona Uganda kwa macho, na kwa jamaa wengi ng'ambo ile si ugenini: kuna wakwe, kuna mashamba, kuna makaburi ya wazee. Ghafla gunia la kahawa likawa na haki ya kuvuka ambayo bibi harusi hakuwa nayo. Hapakuwa na gazeti la nchi za mbali lililoandika juu ya daraja hilo, wala lilipofunguliwa hapakuwa na mtu aliyetangaza kwamba dunia imefurahi.

Nayasema haya si kwa kuwaonea gere wenye likizo. Kuna waandishi ambao wakiona mtu anapumzika hudhani ni lazima awe amemwibia mwenzake usingizi. Mimi simo. Aliyenifunza nisiwemo ni shangazi yangu.

Shangazi yangu alikuwa mchuuzi. Tangu miaka ya sabini alipeleka maharage na ndizi Mwanza, akarudi na vitenge na dagaa. Alilivuka ziwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini hakuwahi kuliona. Meli huondoka usiku na kufika asubuhi. Naye alikuwa chini, katika daraja la tatu, akilinda mizigo yake kwa kuikalia. Ziwa alilijua kwa sauti, kwa harufu ya samaki na mafuta ya injini, na kwa jinsi tumbo linavyopanda mawimbi yakikaza. Baada ya 1996 hakusafiri tena kwa maji. Hakueleza sababu, nasi hatukuuliza. Alimpoteza mwenzake wa biashara.

Meli iliporudi alikuwa amepita miaka sabini. Mwaka 2021 alituita watoto wa kaka zake akasema anataka kupanda meli kwenda Mwanza. Tukamuuliza kwa adabu: "Shangazi, nani amefariki?" Akasema hakuna. "Kuna mgonjwa?" Hakuna. "Kuna deni la kudai?" Akacheka. "Nataka kuliangalia lile ziwa, nami nimekaa bila mzigo." Kijiji kizima kililijadili jambo hilo wiki nzima. Wengine walisema uzee umempanda kichwani. Mchungaji wake alimwombea.

Nikamsindikiza. Tulipanda Bukoba usiku, daraja la pili, naye hakulala. Kabla hakujapambazuka alinigusa bega, akajifunga kanga ya pili, akatoka kwenda ukingoni mwa sitaha na barakoa yake imeteremka kidevuni. Sijui kama aliwakumbuka waliokwenda, au aliwakumbuka baadaye. Mwanga ulipoanza kuenea, akayaona maji yalivyo mengi. Alisimama mpaka jua likawa juu ya upeo wake, kisha akasema kwa Kinyambo maneno ambayo katika Kiswahili changu yatakuwa: "Kumbe lilikuwa zuri wakati wote ule."

Mwanza tulishinda siku moja. Akakataa katakata kuwatembelea jamaa zetu wa huko, akisema akimtembelea mtu safari yake itakuwa na kazi. Tulikaa karibu na gati tukala samaki, tukawatazama watu. Usiku tukapanda tena, tukarudi tulikotoka.

Hapo ndipo neno langu lilipojileta lenyewe, nalo ni lenu. Mandari. Watu wa pwani wakitoka jioni au siku ya sikukuu kwenda kula na kupunga upepo mahali pazuri, husema wamekwenda mandari, na neno hilo ni ndugu wa mandhari: asili yake ni kutazama. Mwaka 1861 Speke alipokaribishwa Karagwe na Mukama Rumanyika, aliliangalia ziwa dogo lililo chini ya ikulu, likampendeza, akaliita kwa jina la ziwa la kwao, Windermere. Sidhani wenyeji wake walikuwa vipofu wa uzuri. Bali mgeni ndiye aliyekuwa na faragha ya kutazama, naye ndiye aliyeandika. Tangu hapo tumekuwa kama tumekubali kwamba kutazama ni kazi ya wageni, na kazi yetu ni kuwapitisha. Hata huko kwenu, meli kubwa za watalii zilipoanza tena kutia nanga baada ya janga, habari zilizotangazwa zilikuwa za idadi ya wanaoshuka na fedha wanazotarajiwa kuacha. Sikusikia mtu akiuliza ni watoto wangapi wa Pemba, au wa Kyerwa, waliowahi kupanda chombo ili tu kuona maji.

Sasa mambo yanabadilika. MV Mwanza, chombo kikubwa zaidi, kilishushwa majini Februari 2023. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na basi huvuka kwa dakika chache pale palipokuwa na foleni. Huenda siku moja ulazima wa meli ukatutoka, na atakayepanda awe anapanda kwa kupenda. Itakuwa neema. Naiombea nchi yangu siku hiyo kwa sharti moja tu, ambalo shangazi alinionyesha tulipokuwa ndani ya basi, tukipanda milima kurudi nyumbani.

Alitoa tiketi yake kwenye fundo la kanga akaniambia nimsomee, kwa kuwa yeye hakusoma shule. Nikamsomea: jina lake, jina la baba yake, daraja la pili, Bukoba kwenda Mwanza. Akaniuliza kama wale wa chini nao wameandikwa hivyo. Nikamwambia nilimwona karani akiwaandika. Akaikunja tiketi, akairudisha funguni, akalala usingizi mpaka Kayanga.